Kuituliza Sebule ya Tofali na Marumaru kwa Ajili ya Kusikiliza Muziki

Sebule ninayoizungumzia hapa inafahamika kwa yeyote aliyewahi kupanga nyumba Dar es Salaam, Tanga au Mombasa: kuta za tofali za saruji zilizopigwa lipu na rangi, sakafu ya marumaru, dirisha kubwa la kioo lenye fremu ya alumini, dari ya jipsamu au zege tupu la ghorofa ya juu, na kabati la televisheni lililoegemea ukuta mmoja. Ili hesabu zifuatike kwa urahisi, nitachukua chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Katika chumba kama hicho, anayenunua spika mpya kwa sababu za zamani zinapiga kelele hupata kelele ileile kutoka kwenye spika za bei kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachomfikia masikioni haikutoka moja kwa moja kwenye spika. Imetoka ukutani, sakafuni na darini.

Jambo moja litenganishwe kabla ya kazi kuanza. Kutuliza sauti ndani ya chumba na kuzuia sauti isimfikie jirani ni kazi mbili tofauti. Pamba, mapazia na mazulia hupunguza sauti inayorudi kutoka kwenye kuta, lakini hayazuii besi kupita, kwani hilo huhitaji uzito na mianya iliyozibwa. Mwongozo huu unahusu kazi ya kwanza tu, na mwenye ugomvi na jirani hataupata ufumbuzi wake humu.

Hatua ya kwanza: kisikilize chumba, kisha kipigie hesabu

Simama katikati ya sebule, zima feni, na upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi unaotetemeka kama bati lililoguswa, sauti inadundana kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Ukisikia mvumo unaochelewa kufa, chumba kizima hakina cha kuinywa sauti. Rudia kofi hilo karibu na kila ukuta na uandike mahali ambapo mlio ni mkali zaidi, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayokuongoza baadaye.

Hesabu ya mvumo tuliachiwa na mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, ambaye mwaka 1895 alipewa jukumu la kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno ya mhadhiri yalikuwa yakipandana hata yasisikike. Alifanya kazi usiku, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akipiga bomba la kinanda na kupima kwa saa ni muda gani sauti inachukua kufifia. Alichogundua ni kwamba muda huo, kwa sekunde, ni sawa na ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, mara 0.161, ukigawanywa kwa jumla ya unywaji wa sauti wa vitu vyote vilivyomo. Kipimo chake cha unywaji kilikuwa dirisha lililo wazi: mita 1 ya mraba ya dirisha wazi huhesabiwa kuwa 1 kamili, kwa kuwa sauti inayotoka nje kupitia hapo hairudi.

Chumba chetu kina mita 60 za ujazo, na nyuso zake zote kwa pamoja ni mita 94 za mraba. Lipu iliyopakwa rangi na marumaru hunywa kiasi cha asilimia 2 au 3 tu ya sauti za kati zinazozigonga, kwa hiyo chumba kikiwa kitupu unywaji wake wote haufiki 3, na mvumo unadumu zaidi ya sekunde 3. Ingiza seti ya makochi ya kitambaa na jumla itapanda hadi karibu 8 au 9, na mvumo utashuka hadi sekunde 1 na kidogo. Lengo letu ni kati ya sekunde 0.3 na 0.5, jambo linalohitaji unywaji wa takriban 20 hadi 30.

Anayeona sekunde 1 kuwa kitu kidogo na aiweke kwenye muziki wenyewe. Singeli inayokwenda mapigo 240 kwa dakika hupiga kila baada ya robo sekunde; katika sebule yenye mvumo wa sekunde 1, kila pigo linaingia wakati mapigo manne yaliyotangulia bado yanazunguka kwenye kuta. Ndiyo maana muziki uleule unaosikika safi uwanjani hugeuka uji sebuleni.

Hatua ya pili: zitambue noti zinazovimba

Besi ina tabia yake na haiingii katika hesabu ya hapo juu. Wimbi la sauti nene ni refu kiasi kwamba linakwama baina ya kuta mbili. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 30, ambalo kwa Pwani si joto la kushangaza, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Gawanya idadi hiyo kwa mara mbili ya urefu wa chumba na utapata masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayoandikwa Hz) ya chini kabisa ambayo urefu huo unayakuza. Kwa mita 5 ni karibu Hz 35, kwa upana wa mita 4 ni Hz 43.6, na kwa kimo cha mita 3 ni Hz 58. Mbili kati ya hizo zinaangukia karibu kabisa na noti za gitaa la besi: Hz 43.6 ni Fa ya chini, na Hz 58 ni Si bemoli. Mpiga besi wa bendi ya dansi akipita kwenye Fa, sebule nzima itavimba; akishuka nusu toni tu hadi Mi, uzi mnene kuliko yote ukiwa wazi, uvimbe unapungua. Msikilizaji atamlaumu mpiga besi au fundi mitambo, na wote wawili hawana kosa.

Chumba kibaya zaidi ni kile ambacho vipimo vyake vinalingana. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 chenye dari ya mita 3 kinarundika masafa yote mahali pamoja. Ukiwa na vyumba viwili vya kuchagua, chagua kile kisicho mraba hata kama ni kidogo. Nyumba za mawe za Lamu na za miji mingine ya kale ya Pwani zilikuwa na vyumba virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuweza kubeba dari yenye upana wa zaidi ya mita 3 hivi, na ukuta wa ndani kabisa ulichongwa zidaka kutoka chini hadi juu. Hakuna aliyezijenga kwa ajili ya santuri, lakini ukuta wenye vishimo vingi huitawanya sauti badala ya kuirudisha kama kioo, na huwa nawaonea wivu wanaokaa humo.

Hatua ya tatu: panga spika na kiti kabla ya kununua chochote

Hatua hii haina gharama, na kwa maoni yangu huleta zaidi ya nusu ya faida yote. Weka spika mbele ya ukuta mfupi, ule wa mita 4, ili sauti ielekee kwenye urefu wa chumba. Kila spika iwe sentimita 80 kutoka ukuta wa pembeni, jambo litakaloacha mita 2.4 kati yake na mwenzake. Uso wa spika uwe mita 1 kutoka ukuta wa nyuma yake. Kiti cha msikilizaji kikae mita 3.1 kutoka ukuta huohuo, yaani kibakiwe na mita 1.9 mgongoni. Hapo utakuwa umechora pembetatu ambayo pande zake zote ni karibu mita 2.4, na kichwa chako kitakuwa kimekwepa sehemu mbili mbaya: katikati kabisa ya chumba, ambako noti ya Hz 35 hutoweka, na ukuta wa nyuma, ambako kila besi huvimba.

Spika ndogo inayotoa sauti nyembamba ilingane na kimo cha sikio la mtu aliyeketi, ambacho kwa makochi mengi ni kati ya sentimita 90 na mita 1. Spika zilizowekwa juu ya kabati, karibu na dari, kama zinavyowekwa katika maduka na vinyozi, hazitakupa picha ya muziki hata ukizigharimia namna gani.

Najua kwamba katika nyumba yenye watoto na wageni, spika haziwezi kusimama mita 1 ndani ya chumba. Ipo sababu ya kimaumbile ya kuogopa umbali wa katikati, kama nusu mita: sauti inayorudi kutoka ukuta wa nyuma ya spika hukutana na ile inayokwenda mbele na kuifuta katika masafa fulani, nayo hupatikana kwa kugawanya 349 kwa mara nne ya umbali wa uso wa spika hadi ukutani. Kwa mita 1 ni Hz 87. Kwa nusu mita ni karibu Hz 175, mahali ambapo sauti nzito ya mwanamume na noti za chini za kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, huishi. Kwa hiyo kama huwezi kufika mita 1, zirudishe spika hadi migongo yake ikaribie kugusa ukuta. Uso ukiwa sentimita 32 kutoka ukutani, tundu hilo la sauti inayofutwa hupanda hadi karibu Hz 270, ambako paneli nene ya pamba nyuma ya spika inaweza kulishughulikia. Nusu mita ndiyo sehemu ambayo wengi huiweka spika kwa mazoea, nayo ndiyo mbaya.

Wenye sabufa wanayo njia ya zamani ya kuitafutia mahali. Iweke sabufa yenyewe juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha utambae kwa magoti kando ya kuta ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa nguvu inayolingana, ndipo sabufa itakapokaa. Watoto watakucheka. Pembe ya chumba ndiyo itakayotoa besi nyingi kuliko kwingine, lakini itaziamsha noti zote zinazovimba kwa pamoja.

Kuhakiki mpangilio wako, tumia rekodi ya zamani ya mono. Taarab iliyorekodiwa kwenye santuri za zama za Siti binti Saad, ambaye alisafiri hadi Bombay kurekodi mwaka 1928, ilikamatwa kwa njia moja tu, kwa hiyo ikipigwa kwenye spika mbili sauti ya mwimbaji inapaswa kusimama katikati kabisa, hewani, mahali pasipo na spika. Ikivutwa kulia au kushoto, ama kiti hakiko sawa, ama upande mmoja una kioo na mwingine una pazia.

Hatua ya nne: anza na vitu ambavyo sebule ingevihitaji hata bila muziki

Zulia nene la mita 3 kwa 2, likiwekwa kati ya spika na kiti, linaongeza karibu 2 kwenye hesabu yetu na linaua mlio wa marumaru. Pazia zito la kitambaa kinene, likishonwa kwa mikunjo ya kutosha hata upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha, na likiachiwa nafasi ya sentimita 10 hivi kutoka kwenye kioo, hunywa zaidi ya nusu ya sauti za kati. Eneo la mita 7.5 za mraba litakupa kati ya 4 na 5. Pazia la shifoni halikupi chochote. Kabati la vitabu vyenye vimo mbalimbali, likiwekwa nyuma ya msikilizaji, hunywa kidogo na kutawanya zaidi. Meza ya kioo iliyo katikati ya sebule iondolewe wakati wa kusikiliza, au ifunikwe kitambaa kizito.

Tena usisahau dirisha lenyewe. Likifunguliwa mita 2 za mraba, unapata 2 kamili bila senti moja, na besi nayo inapata pa kutokea, jambo ambalo zulia na pazia haviwezi kulifanya. Ndiyo maana sebule hiyohiyo husikika tofauti siku unapofunga madirisha na kuwasha kiyoyozi.

Hatua ya tano: tengeneza paneli

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kitu chenye vinyweleo kinanywa sauti kwa kuifanya hewa isuguane na nyuzi zake, na hewa hukimbia kwa kasi zaidi ikiwa mbali na ukuta kwa robo ya urefu wa wimbi. Kwa Hz 1000 robo hiyo ni karibu sentimita 9. Kwa Hz 100 ni sentimita 87. Mtu anayebandika sponji ya sentimita 2 ukutani anakata sauti nyembamba pekee, za matoazi na herufi "s" za mwimbaji, na kuiacha besi ikitamba kama mwanzo. Niliwahi kununua vipande 30 vya sponji ya aina hiyo kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ndivyo vinavyotumika studio. Sebule ilitoka kwenye ukelele ikaingia kwenye uzito, nikawa nasikia muziki kama uliofunikwa blanketi. Trei za mayai ni duni zaidi: karatasi yake ni nyembamba, na umbo lake linagusa sehemu ndogo tu ya sauti za juu.

Paneli moja inahitaji fremu ya mbao yenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kina cha 10. Ndani ijazwe pamba ya mwamba au pamba ya kioo, ile ambayo mafundi wa viyoyozi hufunikia njia za hewa. Chagua mabamba yanayojisimamia bila kunyongʼonyea. Vaa barakoa, glavu na shati la mikono mirefu unapoikata, kwani nyuzi zake huwasha ngozi na koo. Asiyeipata anaweza kutumia sufi, pamba ya godoro la zamani iliyochambuliwa, au usumba ulioshindiliwa, ilimradi ijazwe bila kuacha mapengo na ishikiliwe kwa wavu isije ikaporomoka chini ya fremu. Sponji ya godoro nayo inafaa ikiwa inapitisha hewa: ikaribishe mdomoni na upulize, kama pumzi haipiti kabisa, sauti nayo itadunda.

Kipimo hicho cha kupuliza ndicho pia cha kuchagulia kitambaa cha juu. Plastiki na ngozi bandia hazifai. Kanga inafaa mno, kwa kuwa ni pamba nyepesi, na kipande kimoja chenye urefu wa mita 1 na nusu na upana wa zaidi ya mita 1 kinaifunika fremu nzima na kubakisha cha kukunjia nyuma na kupigia stepla. Ukipima vizuri, jina lake linabaki mbele likisomeka, na mgeni atadhani ni pambo tu.

Tengeneza sita. Mahali pa mbili za kwanza hutafutwa kwa kioo cha kujitazamia: keti kwenye kiti chako, mtu mwingine akiburuze kioo kwenye ukuta wa pembeni kwa kimo cha spika, na pale unapoiona spika ndani ya kioo atie alama ya chaki. Hapo ndipo sauti inapodunda kwanza na kukufikia ikiwa imechelewa kidogo tu, ikiharibu picha ya nani amesimama wapi katika bendi. Fanya hivyo ukuta wa pili. Mbili nyingine ziende nyuma ya kichwa chako, au nyuma ya spika kama ziko karibu na ukuta. Mbili za mwisho zining'inizwe darini kati ya spika na kiti, zikiwa zimefungwa kwenye boriti au zege, si kwenye ubao wa jipsamu, ambao hauwezi kubeba uzito huo, na ziwe mbali na mapanga ya feni.

Paneli sita zinaongeza zaidi ya 4. Jumla ya makochi, pazia, zulia, kabati na paneli sasa iko karibu 20, na mvumo umeshuka hadi karibu nusu sekunde. Kila msikilizaji anayeingia huongeza kama nusu. Usiendelee kufunika kuta mpaka chumba kife, maana muziki unaopigwa katika chumba kisichorudisha chochote huchosha upesi.

Hatua ya sita: pembe

Besi hujikusanya kwenye pembe, na huko ndiko penye haki ya kujazwa. Kinachohitajika ni unene: nguzo ya pembetatu ya pamba, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, yenye uso wa sentimita 60 na kina cha 30 au zaidi. Anza na pembe mbili zilizo nyuma ya spika. Nguzo hizo hazitaiondoa Fa yote. Zitafupisha muda ambao noti hiyo inabaki ikivuma, na hiyo ndiyo tofauti utakayoisikia. Mwenye dari ya jipsamu iliyoning'inizwa ana nafuu, kwa kuwa ubao huo hutikisika na kunywa sehemu ya besi. Mwenye zege tupu juu atahitaji nguzo nne.

Kurekebisha kwa kitufe cha besi au programu ya simu kuje baada ya hapo. Kunaweza kuipunguza noti inayovimba kwenye kiti kimoja, lakini hakuwezi kujaza tundu: ukiiongezea nguvu noti inayofutika, spika itachoka na tundu litabaki palepale.

Hatua ya saba: pima tena, kisha tunza

Piga kofi mahali palepale ulipoandika mwanzoni na ulinganishe. Anayetaka mchoro apakue Room EQ Wizard, programu ya bure ya kompyuta, na anunue maikrofoni ya kupimia inayochomekwa kwenye USB. Itamwonyesha noti inayovimba na muda inaochukua kufa. Pima paneli zikiwamo na zikiwa zimetolewa, badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uwape masikio siku kadhaa kabla ya kuhamisha kingine.

Sufi, pamba ya godoro na sponji hushika moto kwa urahisi, na moshi wa sponji una sumu, hivyo paneli zikae mbali na soketi, mishumaa na jiko. Kila moja iachiwe nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani, ambayo kwanza inaongeza unywaji wa sauti za chini, na pili inaruhusu hewa kupita. Baada ya masika zishushe zote, zigeuzwe, na mgongo wa kila moja ukaguliwe. Palipo na ukungu au kiota cha mende, kanga ifuliwe na pamba ya ndani ibadilishwe.